Kidole cha Mwisho cha Kushoto

Dada anayechapa katika steshenari ninayoitumia, hatua chache kutoka geti la chuo, alianza kufunga mkono kitambaa mwezi wa Ramadhani. Mkono wa kushoto. Hilo ndilo lililowashangaza watu: mkono ambao halii nao wala habebei nao ndoo umefanya kazi gani hadi uume namna ile? Mama yake alisema mishipa imejikunja, akamletea mafuta ya karafuu ya kuchulia. Mteja aliyekuwa akisubiri wasifu wake uchapwe alisema ni baridi, tena baridi ya feni. Mwingine akashauri apime sukari. Kompyuta haikutajwa na mtu, ingawa sote tulikuwa tumeiinamia.

Dada huyu alisomea uhazili. Anachapa kwa vidole kumi, macho yako kwenye karatasi ya mteja. Chukua sentensi anayoiandika kuliko nyingine zote, ile inayofuata chini ya YAH katika kila barua ya maombi: Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ina herufi 30, na 7 kati ya hizo ni a. Kwenye kibodi ya kawaida, ambayo mpangilio wake tumeurithi kutoka taipureta za Remington za miaka ya 1870, a iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Waingereza nao wana a, lakini herufi inayotawala kwao ni e, na hiyo inapigwa na kidole cha kati chenye nguvu zake. Kidole chetu cha mwisho, juu ya kubeba a zote za Kiswahili, kinabonyeza pia Shift, Tab na Ctrl. Ukilijua hilo, swali la mkono wa kushoto umefanya kazi gani halisumbui tena.

Maumivu haya hayajapata jina moja kwa Kiswahili. Wataalamu husema maumivu yatokanayo na kazi za kurudiarudia, jina refu ambalo hakuna mgonjwa atakayelitamka mbele ya daktari. Hata huko yalikokwisha kupewa jina, jina hilo ni mwavuli: chini yake kuna kano zilizochubuka kwa kusuguana, misuli ya bega iliyokaza kwa sababu mkono umening'inia mchana kutwa, na neva iliyobanwa katika mfereji mwembamba wa kifundo cha mkono. Neva hiyo ikibanwa, ganzi huingia kidole gumba, cha shahada na cha kati, na humwamsha mtu usiku akikung'uta mkono. Kidole cha mwisho hakimo katika orodha hiyo, kwa hiyo anayeumwa kidole cha mwisho ana tatizo jingine, mahali pengine. Hapa programu za kompyuta za kuutunza mkono, ambazo ndizo mada yangu, hazina kauli. Ganzi ya usiku, vikombe vinavyoponyoka, msuli wa kitako cha gumba unaopungua: hayo ni ya hospitali, na anayeyatibu kwa kupakua programu anajichelewesha.

Ugonjwa wenyewe si mtoto wa kompyuta. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, daktari aliyefundisha Modena, Italia, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na katika toleo la 1713 makarani wakaingia. Alitaja vyanzo vitatu: kukaa bila kuinuka, mkono kwenda upande uleule bila kukoma, na akili kukazana isikosee hesabu. Miaka zaidi ya 300 imepita na sijaona orodha iliyoizidi hiyo. Mwaka 1908 Uingereza iliingiza mkazo wa mkono wa wapiga simu za maandishi katika maradhi yanayolipiwa fidia. Miaka ya 1980 Australia ilipata wimbi la makarani wa kompyuta waliolalamikia mikono, na madaktari wakagombana kama ni mwili unaoumwa au ni hofu.

Lililobadilika na kompyuta ni dogo, na ndilo linalotuleta kwenye programu. Taipureta ilikuwa na mapumziko ndani yake. Kila mwisho wa mstari mkono uliinuka kurudisha gari. Kila mwisho wa ukurasa ulichomoa karatasi, ukapanga kaboni, ukaingiza nyingine. Ukikosea uliacha kuchapa, ukatafuta kifutio. Kibodi ya leo ni laini, hairudishi gari, haiishiwi karatasi. Mtu anaweza kuchapa saa 3 mkono usiinuke hata mara moja. Vile vituo tulivyovilalamikia ndivyo vilivyokuwa vikiutunza mkono.

Programu za mapumziko zinajaribu kuvirudisha. Maarufu kati ya zile za bure ni Workrave, iliyoandikwa Uholanzi, nchi ambako watu wana neno lao la mtaani kwa ugonjwa huu, lenye maana ya mkono wa kipanya. Ukiiweka bila kugusa mipangilio, inakutaka upumzike sekunde 30 kila baada ya dakika 3 za kazi, dakika 10 kila baada ya 45, na inakuhesabia saa 4 tu za kompyuta kwa siku. Uzuri wake ni kwamba haitazami saa ya ukutani. Inatazama vidole. Ukiacha kuchapa ili uongee na mteja, muda huo unahesabiwa kuwa mapumziko, na haikusumbui tena. Nyingi nyingine zinalia kama kengele ya shule, uwe umechapa au umekaa unakunywa chai, na kengele ya namna hiyo watu huizoea ndani ya siku mbili.

Sasa linganisha na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ni haki nzuri, ila ilitungwa kwa tumbo na miguu. Kano za mkono haziwezi kusubiri saa 5, na zikisubiri, saa nzima ya mapumziko haizirudishii kila kilichopotea. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 kuhusu kazi ya skrini zinaelekea kuilenga kano yenyewe: mwajiri anatakiwa apange kazi ili ikatizwe mara kwa mara na vituo au shughuli ya aina nyingine. Huko Marekani, watafiti wa taasisi ya serikali ya afya kazini, NIOSH, waliwapa waingiza takwimu wa ofisi ya kodi dakika 5 za ziada katika kila saa ambayo haikuwa na mapumziko. Maumivu yalipungua, na kazi iliyotoka mwisho wa siku haikupungua.

Kwa hiyo mapumziko mafupi yana ushahidi. Programu ya kuyalazimisha, je? Hapo ushahidi ni mwembamba. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wafanyakazi wa kompyuta wenye maumivu ya shingo na mikono. Waliowekewa programu walisema wamepata nafuu kuliko wenzao, lakini ukali wa maumivu ulipopimwa, tofauti haikuonekana vizuri. Mimi nimetumia programu hizi kwa vipindi, na naamini najua shida iko wapi: iko kwenye kitufe cha kuahirisha. Wiki ya kwanza unatii. Wiki ya pili unaahirisha ukiwa na haraka. Wiki ya tatu mkono unakibonyeza kitufe chenyewe kabla jicho halijasoma kilichoandikwa, na programu iliyoletwa kupunguza mabonyezo imekuongezea moja.

Na mimi ninalipwa mshahara. Steshenari inalipwa kwa ukurasa. Siku ya mwisho ya dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu foleni inafika barabarani, na kila kijana kwenye foleni ameshika cheti cha kuzaliwa na roho mkononi. Umwambie nani kwamba skrini imejifunga dakika 10? Ndiyo sababu, nikiulizwa, programu za kuamrisha siziweki mbele. Naweka mbele zile za kubeba: zinazoutoa mzigo mkononi huku kazi ikiendelea.

Ya kwanza kati ya hizo imo tayari ndani ya Word, wala hailipiwi. Ni kile kipengele kinachorekebisha maneno chenyewe. Wengi tunakijua kwa ubaya wake, kwa sababu kimekuja kimepangwa kwa Kiingereza: kinageuza maneno yetu, na mchapaji anarudi nyuma kufuta. Kila kufuta ni kidole cha mwisho cha kulia kwenda juu kabisa ya kibodi. Kwa mchapaji wa Kiswahili, kuuondoa usahihishaji wa Kiingereza kwenye waraka wake tayari ni tiba ndogo. Lakini kipengele hichohicho unaweza kukifundisha vifupisho. Mwambie kwamba hkh maana yake ni Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sentensi hiyo, pamoja na nafasi, ni mabonyezo 36, na Shift ya herufi kubwa ni ya 37. Kifupisho na nafasi yake ni 4. Akichapa barua 20 kwa siku, kutoka zaidi ya 700 anabaki na 80, kwa sentensi moja tu. Bado hajaigusa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ambayo ni 31 na Shift tatu juu yake, wala Naomba kuwasilisha.

Lugha yetu ina bahati hapa. Mwenye Kiingereza akichagua kifupisho anaogopa kisigongane na neno halisi. Kiswahili hakipendi konsonanti tatu zibanane bila irabu. Ukiacha za kina mbwa, ng'wa, nywa na chwa, karibu kila kikundi cha konsonanti tatu kiko huru. Jmt, hkh, nkw: chukua utakavyo.

Upande mwingine bahati inageuka. Programu za kubashiri neno, zinazokuletea neno zima ukishaandika herufi mbili, zilijengwa kwa lugha ambazo neno ni kitu kifupi kinachojirudia. Kitenzi chetu ni treni. Nitakapomwambia, utakapomwambia, watakapotuambia: kwa programu hayo ni maneno matatu yasiyojuana, na kila moja linatokea kwa nadra. Majina inayabashiri vizuri, vitenzi inavikosa, na vitenzi ndivyo virefu. Dawa ni programu zinazokubali kifupisho katikati ya neno. AutoHotkey kwenye Windows inaweza, na espanso ya bure pia. Unaipa alama fupi, inakuletea -takapo- popote ulipo. Word yenyewe hilo haiwezi, inangoja neno liishe.

Kuna msaada mwingine ambao kila mtu amewahi kuufukuza. Bonyeza Shift mara 5 mfululizo na Windows italia, kisha ikuletee kisanduku kinachouliza kama unataka vitufe vinavyonata. Nimeona watu wakikifunga kwa hasira kana kwamba ni kirusi. Kiliwekwa, pamoja na wenzake, kwa kazi iliyoanzia kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mikono, na kimekuwamo tangu Windows 95. Ukikikubali, huhitaji tena kushikilia Shift kwa kidole kimoja huku kingine kikinyoosha shingo kuifuata herufi. Unagusa Shift, unaiachia, unagusa herufi. Kwa kidole cha mwisho kilichovimba hiyo ni tofauti ya siku nzima. Ndugu yake ni kipanya kinachobofya chenyewe ukikituliza mahali kwa muda mfupi, ambacho kimo kwenye kompyuta za Mac na kwenye Linux ya GNOME. Huyo ana ubishi wake. Ukisahau na kuutuliza mshale juu ya kitufe cha kufuta, anafuta.

Kipanya chenyewe nakipita haraka, maana suluhisho lake zuri si programu. Ni kukihamishia mkono wa pili kwa wiki kadhaa, au kujifunza njia za mkato za kibodi, ingawa njia nyingi za mkato zinapita Ctrl, na Ctrl tunajua iko chini ya nani. Watumiaji wa Emacs, programu ya kuandikia iliyosheheni Ctrl, wana jina lao la utani kwa kidole cha mwisho kilichoharibiwa nayo. Wengi wao huhamishia Ctrl mahali pa Caps Lock, kitufe kikubwa, cha karibu, kisicho na kazi. Kinachukua dakika 5 kupanga.

Mzigo mkubwa kuliko yote unaweza kubebwa na sauti. Mwaka 1990 kampuni ya mume na mke, James na Janet Baker, iliuza DragonDictate kwa dola 9,000, na mtumiaji alilazimika kutua baada ya kila neno, kama mtoto anayesomeshwa. Wapo waliopona mikono wakaumwa koo. Mwaka 1997 ikaja Dragon NaturallySpeaking, ukaweza kusema mfululizo. Wenye mikono mibovu waliichukua mbali kuliko watengenezaji walivyotarajia: mwaka 2013 mwandishi wa programu Tavis Rudd alisimama mbele ya wenzake katika mkutano wa PyCon, akaandika programu kwa mdomo, kwa maneno mafupi aliyoyabuni mwenyewe, kwa sababu vidole vilikuwa vimemgomea.

Hayo yote yalikuwa ya Kiingereza na lugha chache tajiri. Kiswahili kilisubiri hadi Agosti 2017, Google ilipokiingiza katika uandishi wake wa sauti pamoja na Kiamhari. Baadaye mradi wa Common Voice wa Mozilla ukakusanya sauti za wasemaji wa kujitolea, na mwaka 2022 OpenAI ikatoa Whisper, inayoandika lugha nyingi na inayoweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Whisper ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Karibu theluthi mbili ni Kiingereza. Kiswahili kiliambulia makombo, na makombo hayo yanasikika. Nikiisomea aya ya Kiswahili sanifu inaandika sawasawa hadi jina la mtu litokee. Nikichanganya, kama tunavyochanganya sote, nikasema mwaka wa kuzaliwa kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili, inaweza kuuandika kwa tarakimu, kwa maneno, au isiuandike kabisa. Kusahihisha kuna mabonyezo yake. Nimepima kwa njia ya kienyeji: aya ndefu za maelezo zinanilipa, barua fupi zenye majina na namba hazinilipi.

Watu wetu hawakusubiri. Anayetuma ujumbe wa sauti wa dakika 4 kwenye WhatsApp badala ya mistari miwili ameshapiga kura yake, na vidole gumba vyake vinamshukuru, hata kama masikio yangu hayamshukuru. Lakini steshenarini sauti ina kikwazo ambacho hakuna mhandisi atakayekiondoa. Barua zinazochapwa pale ni rufaa za kufukuzwa kazi, madai ya matunzo ya mtoto, maungamo kwa mkuu wa shule. Huwezi kuzisoma kwa sauti mbele ya foleni.

Nimebakiza jambo ambalo miongozo ya programu hizi huligusa kwa mbali. Workrave, ili ikujue umechoka, inahesabu mabonyezo yako na mwendo wa kipanya chako, na inakuwekea kumbukumbu ya kila siku. Kumbukumbu hiyo ni yako. Lakini hesabu hiyohiyo, kwa mbinu zilezile, inafanywa na programu za usimamizi zinazowekwa kwenye kompyuta za vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaofanya kazi za mbali: kunukuu sauti, kuweka lebo kwenye picha, kujibu wateja wa nchi nyingine. Kuna majukwaa yanayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika kadhaa, pembeni yakiweka kipimo cha shughuli, na shughuli maana yake ni mabonyezo. Sasa fikiri. Anayetumia vifupisho anabonyeza kidogo. Anayetumia sauti habonyezi kabisa. Anayetii mapumziko ana mashimo katika chati yake. Kila alichofanya kuutunza mkono wake kinasomeka kwa mlipaji kama uvivu. Kijana mmoja anayenukuu mahojiano aliniambia ameacha vifupisho kwa sababu hiyo. Anaandika maneno yote, kamili, apate rangi ya kijani.

Kwa hiyo kabla ya kumshauri mtu programu gani ya mkono aweke, mimi huuliza kwanza analipwa kwa kipimo gani. Anayelipwa kwa ukurasa apewe vifupisho leo hii, vinamwongezea hata kipato. Mwenye mshahara apewe kengele inayosikiliza vidole, na kitufe cha kuahirisha kiondolewe, maana mipangilio inaruhusu. Anayelipwa kwa mabonyezo hana programu. Huyo ana mgogoro wa kikazi, nao hautatuliwi kwenye mipangilio.

Yule dada alikwenda hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimminya kuanzia kiwiko kushuka, akapata panapouma, akampa mazoezi na siku za kupunguza kazi ambazo mwenye duka alizikata nusu. Jioni moja tulikaa tukampangia vifupisho 14 kwenye kompyuta yake, akaviandika kwa kalamu ya bluu kwenye kipande cha boksi na kukibandika juu ya skrini. Wiki ya tatu kitambaa hakikuwapo. Sidai kwamba ni vifupisho. Pengine ni mazoezi, pengine ni msimu wa maombi uliokuwa umepita.

Kijana anayemshikia zamu alikipenda kile kibao kuliko mwenyewe. Siku moja umeme ulisumbua upande ule wa duka, akahamia kompyuta ya pili, akamchapia mzee mmoja barua ya kuomba uhamisho wa mwanawe, akaichapisha, akaitia kwenye bahasha. Kompyuta ya pili hakuna aliyeifundisha. Mzee alirudi kesho yake na barua mkononi, akaomba aelezwe, kwa adabu kabisa, hkh ni cheo cha nani.